Kizibo cha Rejeta ya Nesi

Kizibo kilikatika kwa mlio mdogo tu, tak, kama kijiti cha kiberiti, na kabla hajautoa mkono wake chini ya rejeta, Fundi Taratibu alijua kwamba siku aliyokuwa akiikimbia imemkuta.

Kizibo chenyewe ni kitu cha kudharauliwa. Ni kipande cha plastiki, hakizidi dole gumba la mtoto, kinachokaa chini kabisa ya rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, kikisubiri siku ambayo maji machafu yatatakiwa kumwagwa. Mtu anaweza kuendesha gari lake mpaka likamzeekea asijue kama kipo. Kina masikio mawili. Unayabana kwa vidole, unazungusha kushoto, maji yanatoka. Hakitaki spana, hakitaki hata nguvu. Ndiyo maana fundi anayekivunja huona aibu kumshinda aliyeua injini, kwa sababu injini ina visingizio elfu, ila kizibo kikivunjika hakuna wa kulaumiwa isipokuwa vidole.

Mkono ukatoka na yale masikio mawili yamelala kiganjani. Shina lake, lile lenye nyuzi za kujifungia, lilibaki ndani ya tundu. Tone la maji yenye kutu likaning'inia, likadondoka, likaja jingine.

Alikuwa amekaza. Hilo ndilo lililomuuma. Pale alipokuwa ameingizia mkono, kwa juu, bila kuona, kulia na kushoto hubadilishana. Kila fundi analijua hilo, na akisahau, vidole humkumbusha. Yeye alidhani anafungua, kumbe anakaza, tena anakaza kwa moyo wote, na vidole vyake havikumwambia chochote.

Zamani vidole hivyo vilikuwa na habari zote. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, wala si kwa kuwa mzito kazini, bali kwa sababu alifanya kila kitu kwa kupapasa. "Macho ni ya mwenye gari," alipenda kusema, "vidole ni vya fundi." Angeupitisha mkono nyuma ya injini, mahali ambapo tochi haifiki, huku yeye mwenyewe akiangalia mabati ya paa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, na mkono ungerudi na kile ulichokwenda kukitafuta. Hakuwahi kuharibu nati ya mtu. Na gari halikutoka kwenye gereji ile, iliyokuwa uani nyuma ya nyumba yake, kabla mkono wake haujapita kwenye bolti ya mwisho na kuihakikisha.

Kisha ganzi ikaja. Ilianzia miguuni, akasema ni viatu. Ikapanda kwenye ncha za vidole vya mikono, na hapo hakusema kitu. Aliacha kuvaa mashati, akahamia kwenye fulana, kwa sababu fulana haina vifungo. Kikombe cha chai kilimponyoka, akakitukana kikombe. Siku moja alichukua sindano ya kushonea, akajichoma kidole cha shahada, akaangalia damu ikichungulia, akaifuta, akairudisha sindano mahali pake.

Sukari alikuwa nayo, na hilo halikuwa siri. Vidonge vilikaa kwenye kabati la vyombo na binti yake ndiye aliyemkumbusha kuvimeza. Nesi naye, huyuhuyu mwenye gari, alimwonya mapema: "Ukianza kuona ganzi, Fundi, usiniletee ushujaa. Niambie." Hakumwambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na Taratibu alikuwa bingwa wa kuwatupia wengine methali hiyo, hasa wale ambao gari likianza kulia huongeza sauti ya redio.

Ugonjwa wenyewe hakuuogopa sana. Aliogopa benchi. Pale mlangoni palikuwa na benchi la wateja, na alijiona ameketishwa pale kwa heshima zote, ameletewa chai, watu wanampa shikamoo na kumpita kwenda kwa binti. Mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki. Kazi ndiyo iliyobaki ikimwamsha asubuhi. Mtu akimnyang'anya spana, alijiambia, amenyang'anya kilichobaki.

"Baba, nini hicho?" Sauti ilitoka chini ya pikapu iliyopandishwa kwenye jeki upande wa pili. Buti tu zilionekana.

"Hakuna kitu, mama."

Alimwita mama kwa sababu binti huyo alirithi jina la mama mzazi wa Taratibu, na kwa sababu alikuwa na amri kama za bibi huyo.

"Nimesikia tak."

"Masikio yako yana umbea."

Binti akajisukuma nje, akaja akijifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mwanamke mtu mzima sasa, mwenye wateja wake, na baadhi yao walimwamini kuliko walivyomwamini mzee, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema. Akatazama yale masikio mawili ya plastiki kwenye kiganja cha baba yake, akatazama tone likidondoka.

"Plastiki ikizeeka ndiyo tabia yake," alisema, akimsitiri. "Niachie mimi. Breki naimalizia sasa hivi."

"Hapana. Aliyevunja ndiye anayetoa."

Hiyo ilikuwa sheria ya gereji, na binti aliijua kwa machozi. Mwaka ule alipoanza kazi alikata bolti ndani ya injini ya watu. Taratibu aligeuza ndoo, akaikalia kando yake, akamwangalia akihangaika nayo mpaka jua likainama. Mama mtu alitoka jikoni na mwiko mkononi kumwambia mumewe hana moyo. Hakuinuka. "Mkono uliovunja ndio unaojua ulivunja vipi," alisema, "kwa hiyo ndio utakaotoa." Kila baada ya muda alimuuliza binti swali moja tu: "Inasemaje?" Maana yake, vidole vinakuambia nini, imelegea au imekaza, inakuja au inakudanganya. Na binti akijibu ovyo, mzee alitikisa kichwa, kwa sababu jibu yeye mwenyewe alikuwa nalo. Bolti ilipotoka, binti aliirusha juu ya mabati na hakumsemesha baba yake mpaka kesho yake. Lakini kesho yake alifika gereji wa kwanza.

Basi leo sheria ni ileile. Binti akainua mabega, akarudi kwenye pikapu yake.

Taratibu akaweka beseni, akafungua mpira wa chini wa rejeta, maji yote yakatoka, mekundu kama udongo. Akakausha tundu kwa kitambaa. Kulitoa shina la plastiki lililobaki ndani kuna njia nyingi, ila yeye aliiamini ya moto: unapasha bisibisi bapa, unaizamisha kwenye shina, unaiacha ipoe mpaka chuma na plastiki vishikane, ndipo unazungusha taratibu na shina linafuata. Hatari yake ni moja. Tundu lenyewe nalo ni la plastiki. Chuma kikizama kupita kiasi, kikagusa kuta zake, rejeta imekwisha, na rejeta ya gari lile haikuwa kitu cha kupatikana duka lolote la jirani. Na Nesi alikuwa aingie zamu jioni hiyo na gari hilo.

Akachagua bisibisi fupi, kwa sababu nafasi kati ya bampa na rejeta ilikuwa finyu. Akawasha jiko dogo la gesi lililokaa pembeni ya meza ya kazi.

Mara ya kwanza alizamisha, akangoja, akazungusha mapema. Bisibisi ikatoka peke yake ikivuta uzi mwembamba wa plastiki, na shina likabaki palepale, limeongezeka shimo. Kipimo cha kupoa alizoea kukipata kwa vidole. Sasa alikuwa anabahatisha, na alijua anabahatisha, na jasho likamtoka mahali ambapo jua halikufika.

Kule kwenye pikapu, binti alikuwa akiisugua diski ileile ya breki kwa muda mrefu kuliko diski yoyote inavyohitaji.

Mara ya pili akaipasha zaidi. Akaishika shingoni, karibu na chuma, ili aielekeze vizuri, kwa dole gumba na vidole viwili. Akainama, akaipata njia, akasukuma. Halafu, kwa mazoea ya maisha yote, akaangalia juu kwenye mabati, akingoja vidole vimletee habari.

Ikaja harufu ya plastiki. Hiyo aliitegemea. Kisha ikaja harufu nyingine, ya jikoni, na Taratibu akajiuliza nani anapika saa hizi.

"Baba, achia."

Binti alikuwa amesimama juu yake. Hakupaza sauti.

"Tulia, mama. Inazama vizuri."

"Mkono wako, baba. Achia."

Akateremsha macho. Dole gumba na vile vidole viwili vilikuwa vimeikumbatia shingo nyeusi ya bisibisi, na moshi mwembamba ulikuwa ukipanda katikati yao. Akaachia. Aliachia kwa sababu aliona, si kwa sababu iliuma, na hilo binti aliliona pia. Bisibisi ikaanguka sakafuni.

Binti alimshika kiwiko kama anavyoshikwa mtu anayevushwa barabara, akampeleka kwenye bomba la uani, akajaza ndoo, akauzamisha mkono wa baba yake mpaka kwenye kifundo. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe mahali pa kushikia. Taratibu akautazama mkono ukielea mle ndani kana kwamba ni wa mtu mwingine, na swali likamtoka kabla hajalizuia.

"Ni ya baridi?"

Binti akamtazama usoni.

"Ya baridi, baba."

Siri ikaishia hapo. Alikuwa ameilinda kwa fulana, kwa vikombe, kwa utani, akaja kuimwaga mwenyewe kwenye ndoo ya maji.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Kabla ya mvua zilizopita."

"Mikono yote?"

"Yote."

"Na kazi zangu ulikuwa unazikaguaje? Kila gari unapitisha mkono kwenye bolti ya mwisho. Unasema sawa, ndipo natoa gari."

Taratibu akaona hakuna tena cha kuficha, na uongo uliobaki ni mzito kuliko ukweli.

"Nilikuwa nashika tu. Naangalia uso wako. Nikikuona umetulia, najua bolti imetulia."

Binti akaketi juu ya tairi kuukuu lililokuwa karibu na bomba, akalia. Hakujifunika uso. Alilia kwa hasira na kwa huruma pamoja, na ilikuwa vigumu kujua lipi limetangulia. "Mimi nilikuwa natembea kifua mbele, baba," alisema. "Nikikosea, najua mkono wako uko nyuma yangu. Kumbe nyuma yangu hapakuwa na mtu. Na watu wanapanda magari yale na watoto wao."

Hilo lilimchoma mahali ambapo moto haukuweza. Alikuwa amefikiria benchi, siku zote benchi, aibu yake yeye na heshima yake yeye. Watoto wa watu kwenye viti vya nyuma hakuwa amewafikiria.

"Nisamehe, mama," alisema.

Binti alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akaacha alama ya grisi shavuni. Mzee akautoa mkono majini, akaanza kurudi kwenye gari.

"Unakwenda wapi?"

"Aliyevunja ndiye anayetoa. Nitatumia huu mwingine."

"Huo mwingine una nafuu?"

Akasimama. "Hauna."

"Baba, ile sheria ulinipa na sababu yake. Ulisema mkono uliovunja ndio unaojua ulivunja vipi." Binti aliinuka, akasimama mbele yake. "Haya niambie. Ulivunja vipi?"

Fundi Taratibu angeweza kusema plastiki imezeeka. Binti alikwisha kumpa jibu hilo mapema, bure.

"Mkono haukuniambia," alisema. "Nilidhani nafungua, kumbe nakaza. Ilikuwa kama kushika hewa."

"Basi mkono huo haujui. Sheria haiushiki."

Akamfunga mkono kwa kitambaa safi kilicholowa. Kisha akachukua ndoo tupu, Taratibu akamwangalia ataipeleka wapi. Hakuipeleka mlangoni kwenye benchi. Aliigeuza, akaiweka kando ya rejeta, karibu kiasi kwamba atakayeikalia atagusana naye bega kwa bega.

"Kaa hapa. Shina limebaki ganda tu. Sijawahi kutoa lililochimbwa hivi, na nikilikosa safari hii hakuna nyingine."

Taratibu akakaa. Goti lilimlia, akaliambia linyamaze.

Binti alipasha bisibisi. "Usingoje iwe nyekundu," mzee alisema. "Ikianza kubadilika rangi tu, toa." Akaitoa. Akaizungushia tambara shingoni, akainama, akaitafuta njia.

"Nisukume?"

"Usisukume. Iegemeze tu. Plastiki ikiona moto itaikaribisha yenyewe."

Ikazama kidogo. Binti akaizuia isiende zaidi. Wote wawili wakawa wamebana pumzi bila kupatana.

"Inasemaje?" mzee aliuliza.

"Imelala. Upande wa kulia imegusa kitu kigumu kidogo, kushoto bado laini."

"Kigumu hicho ni ukuta wa tundu. Ielekeze kushoto, unywele mmoja."

"Tayari."

"Sasa ngoja. Usiiguse mpaka shingo yake uweze kuishika kwa mkono mtupu."

Wakangoja. Kuku wa jirani alipita uani, akachungulia beseni la maji ya kutu, akaona hayamfai. Binti akafungua tambara, akagusa chuma kwa kidole chake, akangoja tena, akagusa tena. Kisha akashika, akazungusha.

"Inakataa," alisema.

"Inakataa kwa kuteleza au kwa kung'ang'ana?"

"Kung'ang'ana."

"Hiyo ni heri. Irudishe kulia kidogo, kiasi cha kuishtua. Kisha kushoto. Kama unamwamsha mtoto."

Akairudisha. Akaileta. Akairudisha tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na Taratibu, aliyezoea kuusoma uso huo, safari hii aliusoma bila kujificha.

"Imesogea," binti alinong'ona. "Baba, imesogea. Inakuja nyepesi."

Shina lilitoka zima, limeng'ang'ania ncha ya bisibisi, na nyuzi zake zote zipo. Binti akapitisha kidole kidogo ndani ya tundu, akazunguka nacho, akasema kuta ni salama. Hakulirusha juu ya mabati. Aliliweka mezani, karibu na yale masikio mawili.

Nesi alifika akiwa na sare yake na mkoba begani, akawakuta hivyo, mzee juu ya ndoo na mkono umefungwa. Kwa desturi ya gereji ile, aliyevunja ndiye anayemwambia mwenye gari. Taratibu akasimama.

"Nesi, kizibo chako nilikivunja mimi. Kutoa nimeshindwa, katoa yeye. Na ile ganzi uliyosema nikuambie, ninayo. Tangu zamani."

Nesi hakumgombeza. Aliweka mkoba chini, akafungua kitambaa, akayatazama majeraha, akasema kesho asubuhi mzee atakwenda hospitali na hakuna mjadala. Kisha akamwambia afumbe macho, akaanza kubana ncha za vidole, kimoja kimoja.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Binti alikuwa amesimama na kizibo kipya mkononi, alichokitoa kwenye sanduku la vipuri, akisikiliza. Kila "hapana" ilimpita mwilini. Vilipokwisha vidole vyote, Nesi alimfunga upya na kusema, kwa nia njema, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Methali hiyo aliitunga mhunzi mwenye koleo la akiba," Taratibu alijibu, na Nesi akacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo, macho yamelowa.

Kilibaki kizibo kipya. Binti alipiga magoti, akakiingiza kwenye tundu, akakizungusha mpaka kikashika. Taratibu akaunyoosha mkono kwa mazoea, kufanya ukaguzi wa mwisho. Ukafika nusu ya njia. Akaurudisha, akaulaza juu ya paja.

"Baba," binti alisema bila kugeuka, "nikaze mpaka wapi?"

Binti alilijua jibu tangu siku zile za kwanza. Aliuliza tu, na mzee alielewa kwa nini anauliza.

"Mpaka yenyewe ikuambie basi."

Binti akakaza. Miaka yote Taratibu alikuwa akiuliza swali lake huku jibu analo. Sasa alisogeza ndoo, akainama karibu na bega la mwanawe, akauliza kama anavyouliza asiyejua.

"Inasemaje?"

"Imesema basi, baba."